Cheti cha Asubuhi na Jicho la Shangazi

Kompyuta ya chama chetu cha wakulima wa alizeti ilikataa kuiamini hospitali, na mimi nikakaribia kuipiga ngumi. Hiyo ndiyo picha yangu ya asubuhi ile pale Nduguti: mtu mwenye mvi na shahada mbili, amekunja ngumi mbele ya skrini, na nyuma yake, kwenye benchi wanaloketi wakulima wakisubiri mzani, shangazi yake ameweka fimbo katikati ya magoti, anasubiri kuambiwa kama atapasuliwa macho au ataendelea kupapasa kuta.

Shangazi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Zahanati ilikwisha kumwandikia rufaa. Hospitali moja ya macho ya mkoa jirani ilikuwa na utaratibu wa kuleta madaktari huku kwetu mara moja moja, na safari hii nafasi za upasuaji zilikuwa zinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa sita mchana siku hiyo hiyo. Baada ya hapo hakuna aliyejua watarudi lini. Safari iliyotangulia walisema watarudi baada ya mavuno. Mavuno yalipita, mvua zikaja, barabara ikakatika, na shangazi akaendelea kumimina chai nje ya kikombe.

Nafasi ziliombwa kwenye tovuti yao tu, na tovuti hiyo ilizikubali kompyuta za vituo walivyovisajili wenyewe tu. Ofisi ya chama chetu ni kituo kimojawapo. Niliwahi kupiga simu kuuliza kama naweza kutumia simu ya katibu. Nikajibiwa: "Mfumo hauruhusu." Maneno hayo mawili yameniharibia siku nyingi kuliko malaria.

Ilikuwaje nikawa mimi ndiye mwenye kushughulikia kompyuta? Nilisomea fasihi. Lakini ukirudi nyumbani na shahada, watu hawaulizi ni ya nini. Nimeletewa redio nitengeneze, nimeletewa mbuzi aliyevimba tumbo. Kompyuta ya chama ilipojaa virusi kutoka kwenye flashi za kila mpita njia, wakaniita, nami nikaifuta yote nikaweka Linux badala ya Windows. Niliwaambia ni kwa sababu ya usalama. Ukweli ni kwamba nilitaka pia kuonekana mtu wa kuweka Linux. Tangu siku hiyo, hata karatasi ikikwama kwenye printa, inatumwa bodaboda kunifuata.

Basi nikafungua tovuti, na badala ya fomu likaja onyo: kufuli jekundu, na maneno kwamba muunganisho huu hauaminiki.

"Bonyeza 'endelea hivyo hivyo'," katibu akaniambia. Ni mama wa Kinyaturu, mtani wetu sisi Wanyiramba, na alikuwa anamenya kiazi kitamu juu ya deski lake. "Sisi huwa tunabonyeza."

"Hakuna kitufe hicho. Hospitali wamekiondoa."

"Basi bonyeza pale kingekuwa."

"Mtani, naomba unyamaze kidogo."

"Nimenyamaza. Mnyiramba akishindwa huwa anaomba kimya."

Shangazi akacheka peke yake kwenye benchi. Yeye huniita baba, kwa sababu nimepewa jina la baba yake. "Baba," akasema, "kwani hospitali imekosa nini?"

Nikamweleza, na nilimweleza kwa sauti ya juu kidogo, kama vile uoni ukipungua na masikio hupungua. Tovuti ya hospitali ni kama mgeni anayeingia kijijini. Mtendaji hamjui kwa sura, kwa hiyo anadai barua ya utambulisho, na kwenye barua hatazami mwandiko, anatazama muhuri. Kompyuta nayo ina orodha ya mihuri inayoijua. Tovuti ikileta cheti chenye muhuri ulio kwenye orodha, inapita. Ikileta muhuri mgeni, inafungiwa nje. Hospitali hii, kwa kiburi au kwa kubana matumizi, haikwenda kwa wapiga mihuri wanaojulikana duniani. Ilichonga muhuri wake yenyewe, ikatutumia nakala, ikatuambia tuuweke wenyewe kwenye orodha.

"Na wewe uliuweka?"

"Niliuweka."

"Basi umeuondoa."

"Sijauondoa, shangazi!"

"Usinipigie kelele, baba. Mimi ni kipofu, si kiziwi."

Hapo nilikuwa na hasira ya kwanza, ile ya mtu anayejua kazi yake. Najua mambo ya mihuri kwenye Linux yanavyowasumbua watu, kwa sababu yalinisumbua mimi. Faili la muhuri linawekwa kwenye folda yake maalumu. Jina lake lazima liishie na herufi fulani tatu. Likiishia na nyingine, mfumo unalipita kama halipo, haukuambii neno. Halafu unatoa amri ya kuisoma orodha upya. Halafu, ukidhani umemaliza, brauza ya kufungulia tovuti inakugeuka, kwa sababu ina orodha yake binafsi na haiulizi mfumo chochote. Ni kama nyumba ya wake wawili: ukimsalimia mmoja, hujamsalimia mwingine.

Nikaangalia folda. Faili lipo. Jina sahihi. Nikatoa amri ya kusoma upya, ikanijibu kwamba hakuna jipya la kuongeza. Nikaingia kwenye orodha ya brauza, muhuri upo. Nikaufuta, nikauweka tena. Nikafunga brauza, nikafungua. Kufuli jekundu.

Nje mashine ilikuwa imeanza kukamua alizeti ya akiba, na harufu ya mashudu ya moto ikaingia dirishani. Kwa kawaida naipenda. Asubuhi ile ilinikera kama mtu anayepiga mluzi msibani.

Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Hii ni dawa ya wasio na dawa, na niliinywa huku nikijidharau. Ikawaka taratibu kama mzee anayeamka kwa heshima zake. Kufuli jekundu. Lakini safari hii, kwa hasira, nilisogea nikasoma onyo mpaka mwisho, jambo ambalo ningemgombeza mwanafunzi kwa kutolifanya mapema. Chini kabisa liliandikwa: huenda saa ya kompyuta yako si sahihi.

Nikatazama pembeni ya skrini: 03:25. Nikatazama saa ya ukutani: mshale mfupi umeipita tatu kidogo, mrefu uko kwenye tano.

"Katibu, saa ngapi?"

"Tatu na dakika ishirini na tano."

"Shangazi?"

"Jua limenifika shingoni. Saa tatu imekwisha kupita."

Mashahidi watatu, pamoja na mmoja asiyeona. Nikacheka kwa dharau. Unaona ujinga wao? Mashine imeshindwa kazi yake, inasingizia saa zetu.

Nikapiga simu hospitalini. Nilikuwa na simu ya vitufe, kwa sababu niliwahi kuandika makala ndefu ya kuwalaani wenye simu janja, na aibu ikanizuia kununua. Fundi wao akapokea, kijana mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo hilo na wengine.

"Cheti chetu kizima," akasema. "Tumekitengeneza upya leo asubuhi. Vituo vingine vinaingia. Hebu angalia saa ya kompyuta."

"Nimeangalia. Saa iko sawa."

"Inasema saa ngapi?"

"Tatu na nusu kasoro."

Nadhani aliangalia ya kwake. "Ni kweli, saa iko sawa. Basi tatizo ni la kwenu huko. Nyie si ndio mnatumia Linux?"

Alilitamka neno hilo kama daktari anayemuuliza mgonjwa kama anakunywa gongo. Nikamwambia kwamba mtambo wao wenyewe bila shaka unaendeshwa na Linux. Akasema hajui, yeye ni wa zamu tu. Nikamuuliza nafasi zimebaki ngapi. Akasema zinakwenda haraka. Nikamuuliza kama anaweza kuandika jina la shangazi kwa mkono wake. Akasema: "Mfumo hauruhusu."

Nikakata simu, nikasema jambo kwa Kinyiramba ambalo sitalitafsiri. Shangazi akanikemea kwa lugha hiyo hiyo, kwamba baba yake, niliyepewa jina lake, hakuwahi kutamka neno hilo hata alipoibiwa ng'ombe.

Sasa ilikuwa hasira ya pili, ile ya mtu ambaye hajui tena kazi yake. Nikaacha brauza, nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaiambia kompyuta izungumze na tovuti moja kwa moja, ianike cheti chote. Ikanijibu kwamba muhuri inautambua. Muhuri haukuwa na tatizo hata kidogo! Kazi yangu yote ya asubuhi ilikuwa ya kufungua kufuli la mlango uliokuwa wazi. Inachokataa, ikasema, ni kwamba cheti hiki bado hakijaanza kutumika.

"Bado hakijaanza!" nikamwambia katibu. "Eti bado. Kinaanza 08:00. Saa mbili asubuhi. Sasa hivi inakwenda saa nne!"

"Isamehe," akasema katibu, akinisogezea kiazi. "Labda na yenyewe ina mtoto wa jicho."

Sikula. Nikaiandikia amri ya kuuliza saa, nikitaka kuishika uongo kwa mdomo wake. Ikaandika 03:52. Nambari zile mbili zikakaa kwenye skrini moja, moja juu ya nyingine: 08:00, na chini yake 03:52. Nilizitazama kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Ile ya juu nilikuwa nimeigeuza kichwani, nane ikawa saa mbili, kama tunavyofanya sote tangu shule bila kujua tunafanya. Ile ya chini sikuigeuza. Haikuhitaji kugeuzwa. Ilikuwa imekwisha kugeuzwa na mtu.

Kompyuta ile ilikuwa inaamini ni saa tisa na dakika hamsini na mbili za usiku. Kwa hesabu yake, sisi watu watatu tulikuwa tumekaa ofisini gizani, jogoo hawajawika, tunadai kuingia kwenye tovuti kwa cheti ambacho kitazaliwa asubuhi. Ilikuwa haki yake kutukatalia. Ningekuwa mimi ningeita mgambo.

"Nani amegusa saa hii?"

Katibu akaacha kumenya. "Mwenyekiti aliagiza. Msimu wa mavuno. Hukuwepo, ulikuwa Manyoni kwenye harusi."

Akanieleza. Karatasi za mzani zinatolewa na kompyuta, na huandikwa saa ambayo mkulima amefika, ili foleni iwe ya haki. Mkulima aliyefika saa tatu asubuhi akapewa karatasi iliyoandikwa 09:00. Akasoma tisa. Akasema ameandikwa saa tisa alasiri ili apitwe na ndugu wa mpima mzani. Mwingine akasema hivyo hivyo, na mwingine, mpaka magunia yakarushwa. Mwenyekiti akaitisha mkutano, mkutano ukaamua: saa za chama, ya ukutani na ya kompyuta, zisome kama watu wanavyosema. Saa tatu iwe tatu. Wakamwita kijana anayeuza vocha za simu, akazima kitufe cha kompyuta kujirekebisha yenyewe, akarudisha saa nyuma. Tangu hapo hapakuwa na ugomvi, na kompyuta haikuonyesha dalili, kwa sababu saa sita za kuchelewa si kitu kwa cheti chenye umri wa miezi. Zinakuwa kitu siku cheti kinapozaliwa asubuhi na kutumika asubuhi hiyo hiyo.

Hasira ya tatu ndiyo niliyobaki nayo mpaka leo, na haina mtu mmoja wa kumwangukia. Mkutano ule haukuwa wa wajinga. Mashine hizi unaweza kuzichagulia lugha, rangi, picha ya maua, jina la mji. Hakuna mahali pa kuziambia kwamba sisi huku tunaanza kuhesabu saa za mchana jua likichomoza, kama mtu yeyote mwenye akili. Basi watu wakajitengenezea pahali hapo wenyewe, kwa nguvu. Na hospitali, iliyojua kwamba vituo vyake vipo huku wilayani kwetu Mkalama na si mawinguni, ikaona ni busara kuzaa cheti siku ile ile ya kugombea nafasi, halafu ikamweka kwenye simu mtu wa zamu. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Jumla ya sababu hizo nzuri ilikuwa shangazi yangu kubaki gizani.

Nikashika kipanya nirudishe saa. Mlango ukafunguka, akaingia mwenyekiti mwenyewe, kofia ya kitani kichwani, baiskeli ameiegemeza nje.

Huku kwetu mzee akiingia, hata nyumba ikiwaka moto, unasalimia kwanza. Nikasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Hujambo? Watoto? Mama watoto? Mvua huko kwenu ilinyesha?"

Nikajibu yote, nafasi zikiendelea kuondoka. Akamgeukia katibu, akaanza upya. Akamgeukia shangazi. Alipomaliza nikamweleza kwa kifupi, na nikamwambia narekebisha saa ya kompyuta sasa hivi.

"Saa hiyo iliamuliwa na mkutano," akasema.

"Najua, mzee. Lakini cheti cha hospitali..."

"Mkutano haujakaa tena."

"Mzee, zikifika saa sita wanafunga!"

"Kijana, usinipandishie sauti. Ukibadilisha leo kwa ajili ya ndugu yako, kesho mpima mzani naye atabadilisha kwa ajili ya ndugu yake. Ndiyo yaliyotufanya turushiane magunia."

Nilitaka kumwambia maneno ambayo yangenifanya nihame wilaya. Mbaya zaidi, alikuwa na hoja. Mtu mjinga unaweza kumdharau ukapumua; mtu mwenye hoja mahali pasipotakiwa anakusakama kooni.

Shangazi akagonga fimbo sakafuni.

"Mwenyekiti. Mkutano ule nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, mama."

"Nilinyoosha mkono?"

"Ulinyoosha."

"Basi naushusha."

Katibu akaziba mdomo kwa khanga. Mwenyekiti akakunja uso. "Kura haishushwi, mama. Imekwisha kupigwa."

"Yangu inashuka. Niliipiga nikiwa naona kidogo. Sasa sioni hata ilikokwenda."

"Mama, utaratibu..."

"Wewe mwenyekiti, karatasi za mzani zinatolewa leo? Alizeti iko shambani, haijatoa hata ua. Saa hiyo ya kompyuta inamlinda nani leo? Niambie jina lake nimwombe radhi."

Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani, akatazama kompyuta, akanitazama mimi kama chanzo cha mambo haya yote tangu siku ya Linux. Akavuta kiti, akaketi.

"Ya kompyuta badilisha," akasema. "Ya ukutani usiiguse. Na msimu ukianza, itarudi."

Sikusubiri amalize. Nikawasha kile kitufe kilichozimwa, kompyuta ikaulizia saa mtandaoni, na pembeni ya skrini usiku ukaruka ukawa asubuhi. Nikafungua tovuti. Hakuna kufuli jekundu, hakuna onyo, fomu imetulia kana kwamba ilikuwa hapo muda wote inanishangaa. Nafasi zilikuwa bado zipo, chache. Kwa hasira isiyo na kazi tena, nikakosea jina la shangazi mara mbili, jina ambalo ni nusu ya ukoo wangu.

Jina, kijiji, zahanati iliyotoa rufaa. Halafu fomu ikauliza jambo ambalo hakuna aliyetuambia kabla: safari hii ni jicho moja kwa kila mgonjwa. Chagua, kulia au kushoto.

"Moja!" nikasema. "Yaani asubuhi nzima hii, halafu moja! Nampigia yule kijana sasa hivi."

"Weka simu, baba," shangazi akasema. "Moja ni zaidi ya nililonalo."

"Basi chagua bovu zaidi. La kushoto. Muuguzi alisema la kushoto ndilo lililoharibika zaidi."

"La kulia."

"Shangazi, la kulia bado unaona mwanga. Ni busara kuanza na..."

"Unapokuja kwangu, mimi nakuwa nimekaa wapi?"

"Mlangoni."

"Na njia ya kuja kwangu iko upande gani?"

Nikafikiri. Nimeipita njia hiyo tangu sijajua kutembea. "Wa kulia."

"Watu wanakuja upande huo, wananikaribia, wananisimamia juu, mimi simjui mtu mpaka afungue mdomo aniamkie. Mwaka wa ngapi huu namjua mtu kwa shikamoo yake? Kuna wasionipenda, nao wanaamkia vizuri sana." Akageuza uso upande wa mwenyekiti, nadhani bila nia mbaya. "Nataka nimwone mtu akiwa bado yuko mbali, niwahi kuamua kama nimchemshie chai au nijifanye nimelala."

Mwenyekiti akakohoa. Katibu akacheka mpaka akainamisha kichwa juu ya viazi.

Nikabonyeza kulia. Fomu ikazunguka kidogo, ikaniuliza kama nina hakika. Nikamuuliza shangazi. Akaniambia niache kuuliza maswali ya kitoto, nibonyeze.